Mbio za Nyuma ya Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Mafunzo wa kampuni moja ya ulinzi pale Mwanza alinikabidhi filimbi na futikamba. Akasema kazi ni nyepesi: mtu anakimbia dakika kumi na mbili, unapima umbali aliokwenda, umeijua pumzi yake. Alisahau kuniambia kwamba wanaokimbia ni binadamu.

Nilianzia kituo cha Usagara. Walinzi wazima, wenye watoto sekondari, walifyatuka kama wanafukuzwa na nyuki. Mzunguko mmoja tu, wanatembea wameshika viuno. Nikaeleza mpaka sauti ikakauka kwamba tunapima ustahimilivu, yaani kwenda mwendo uleule bila kukata pumzi. Wakaitikia, "Ndiyo mwalimu." Kesho yake wakafyatuka vilevile.

Nikahamishiwa kituo cha Kisesa, nikamkuta mlinzi aitwaye Masanja. Huyo alikuwa na pumzi ya ajabu, lakini jaribio la kwanza alishindwa, na asiyefikisha umbali uliowekwa mara mbili mkataba wake haurefushwi. Muda wote alijikongoja nyuma ya Mzee Lushinge, mlinzi wa getini. Nikamwita kando, nimekasirika kweli.

"Mwalimu, yule ni baba mkwe wangu," akasema. "Nimpite na kaptula hii, anione mgongo?"

Nilitamani kuitupa filimbi ziwani. Nikamwomba Mkuu niwapime kila mmoja kwa wakati wake, akakataa. "Tunapima pumzi, hatupimi ukoo," alisema.

Jaribio la pili nikamwanzisha Masanja upande wa pili wa uwanja. Haikusaidia kitu. Alimfikia mzee, akapunguza mwendo. Nikapiga kelele, nikamwambia watoto wake watakula heshima hiyo. Mzee akasikia. Akatoka kwenye njia, akainama kama mtu anayefunga kamba za viatu, uso kwenye nyasi. Masanja akapita. Kila alipomkaribia tena, mzee aliinama, akachelewa kuinuka.

Masanja alifaulu. Mzee Lushinge hakufikisha umbali, na lilikuwa jaribio lake la pili pia.

Sasa nimestaafu, na vijana wanaopima kwa simu huniuliza kwa nini matokeo yao hayaeleweki. Nachoka hata kujibu. Nawaambia wawatazame watu wanaokimbia, wao wanatazama simu.

Mkuu naye aliniuliza siku ile mzee ameshindwaje. Nikamwambia kamba za viatu zilimsumbua. Sikumwambia kwamba Mzee Lushinge alikimbia peku.