Randa ya Mzee

Karakana yetu ya Nyalenda haitupi kitu. Mwiko wa plasta ukipinda tunaunyoosha, tunaubandika msasa kwa gundi ya viatu, nao unalainisha ubao kuliko mkono mtupu. Tupa iliyokwisha meno tunaiviringishia msasa, inaingia vizuri kwenye mikunjo ya miguu ya viti. Wateja hutucheka kwamba tunafanya kazi na maiti. Wacheke, mashine inataka stima, na stima ya mtaa wetu ina maringo.

Sheria ilikuwa moja, na aliyeiweka ni mzee aliyenifundisha useremala: kifaa hakibandikwi msasa mpaka mwenye nacho atamke kwamba kimekufa. Yeye alikuwa akikigeuza chake mara mbili tatu, anasema, "Hii imeenda," ndipo tunaleta gundi. Mimi aliniita wuoda, mwanangu, ingawa hakunizaa, na nilijidai sana kwa jina hilo.

Mwaka juzi kifua kilimzidi, akalazwa. Nilipokwenda kumwona wiki ya tatu hakunitambua. Nilirudi kazini nikiwa nimeshamzika moyoni. Meza yake ilikuwa mlangoni, penye mwanga, nikahamia hapo bila kutumwa na mtu. Randa yake ya mbao ilikuwa bado juu ya meza, kisu chake kimelika hadi kubaki kipande. Tulikuwa na oda ya milango. Niliuziba mdomo wa randa kwa kibao na gundi, nikabandika msasa chini. Ilikaa mkononi vizuri mno. Nakiri kwamba nilifurahi.

Jumatatu moja akashuka kwenye bodaboda, amekonda, shati linamning'inia. Alikuja moja kwa moja kwenye meza yake. Nikasogea. Akaichukua randa, akaigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya msasa.

"Hii ilikufa lini?"

"Mzee, kisu ilikuwa imeisha."

"Kisu inauzwa. Mimi nauliza, nani alisema imekufa?"

Wenzangu wawili waliacha kukata mbao. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikamwambia nitaitengeneza saa hiyo hiyo, kisha nitakimbia Otonglo kutafuta kisu kingine. Msasa ulibanduka kwa petroli. Kibao nilichozibia kilikataa kutoka, nikakigonga kwa patasi, na kwa pupa yangu nikaipasua randa kutoka mdomoni hadi ubavuni. Ikafa kweli, mikononi mwangu, mwenyewe akitazama.

Aliigeuza mara mbili tatu, akasema, "Hii imeenda. Rudisha msasa, fundi."

Fundi. Hivyo ndivyo wapita njia wanavyoniita.

Meza hakuitaka tena. Alivuta kigoda hadi ukutani, akawa anapiga msasa milango yangu kwa ile randa niliyoifunga waya, huku akikohoa. Nilimsihi avae kitambaa puani, akakataa. Nilimpelekea chai kila siku saa nne, nikikawia makusudi na kikombe mkononi, nikingoja aniite wuoda. "Asante, fundi," alisema. Sikuthubutu kumwomba msamaha. Nilijiambia nitamwomba akipata nafuu, na nafuu haikuja. Baada ya miezi miwili hivi akafariki.

Jeneza nililitengeneza mimi, kwenye meza ya mlangoni. Nililipiga msasa kwa randa yake mpaka vidole vikachubuka. Mke wake alipokuja kuliona alipapasa kifuniko polepole, kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Umefanya vizuri, baba," akasema.

Nilishindwa kujizuia. "Mama, huko nyumbani, Mzee alikuwa ananiita aje?"

Mkono wake ulikuwa bado juu ya mbao.

"Zamani alikuwa anasema kijana wangu. Lakini tangu atoke hospitali, alikuwa anasema tu, yule mtu wa pale mlangoni."