Kwa Nini Sikuitikia Shikamoo Yako

Mwanangu, asubuhi hii umesimama hapo mlangoni umeniamkia mara tatu, na mara tatu nimenyamaza. Mama yako amekwambia nina usingizi. Sina usingizi wowote, na masikio yangu ni mazima. Nimenyamaza kwa sababu nimekukasirikia, tena hasira yenyewe ina umri wa kukuzidi wewe. Vuta kigoda ukae, na hiyo simu iweke mfukoni.

Jana Juma alikuja hapa. Nasema Juma wa Mwankoko, dereva uliyemwajiri kuendesha hilo gari lako la Kikorea. Alikuja kurudisha funguo, kwa kuwa wewe hupokei simu yake. Aliniamkia vizuri, akaweka funguo mezani, akasema, "Mzee, naomba umpe bosi. Ila mimi gari lake sikuliua." Nikamwambia akae anieleze. Akaeleza taratibu, bila kukutukana, na laiti angekutukana ningepata nafuu.

Kumbe taa nyekundu ilikuwa inawaka kwenye dashibodi mwezi mzima, na chini yake maandishi ya Kikorea. Juma alikuuliza yanasema nini. Ukamjibu hayo ni mapambo ya Wakorea, endesha. Akakuuliza tena. Safari hiyo ukachukua kipande cha teipu nyeusi ukaiziba ile taa kwa mkono wako mwenyewe. Juzi injini imenoki, imekufa kabisa, akitoka Kintinku na abiria, gari likavutwa hadi hapa nyumbani, na wewe ukaenda kijiweni ukasimama mbele ya madereva wote ukatangaza kwamba Juma ameua gari. Sasa hivi hapa Singida nzima hapewi gari hata la kuosha.

Nilipoyasikia hayo nilikumbuka mbali, mwanangu. Ipo siku moja katika ujana wangu ambayo nimeificha ndani ya nyumba hii miaka yote. Mama yako anaijua nusu. Leo utaijua yote, na wewe na wenzako wa kijiweni, maana sitajali ukienda kuisimulia.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Tulikuwa tumehamishwa kutoka kwenye maboma yetu ya zamani, tukawekwa mahali papya upande wa Ikungi, penye ardhi ngumu ambayo haijawahi kulimwa. Jembe la mkono ukilipiga linarudi. Basi kijiji kikapewa trekta. Lilikuja jekundu, linang'aa, kina mama wakalipokea kwa vigelegele. Mvua zetu unazijua, ni msimu mmoja tu. Lile trekta lisipofanya kazi msimu huo, hatuli. Kila mtu pale alilijua hilo.

Dereva alikuwa Mzee Ntandu. Aliwahi kufanya kazi reli pale Itigi, mikono yake ilizijua mashine, lakini shule hakuikanyaga. Mimi nilikuwa nimefika darasa la nane, nikafeli, nikarudi nyumbani na Kiingereza cha kuombea maji. Ila kwa kijiji kile nilikuwa msomi. Wakanifanya karani wa trekta. Waliniita Ndugu Karani, na mimi nikawa natembea na kalamu mfuko wa shati hata nikienda kuchota maji.

Fundi wa mkoa alikaa nasi siku mbili, akamwonyesha Mzee Ntandu gia na breki, akaondoka kwa haraka. Akatuachia kitabu cha trekta. Kilikuwa kinene, chote Kiingereza, na kikakabidhiwa kwangu mbele ya mkutano.

Jioni ileile Mzee Ntandu akaja kwangu. Alivua kofia, mtu mwenye umri wa baba yangu, akasema, "Ndugu Karani, mimi kusoma sijui. Nisomee. Hiki chombo kinataka nini kila siku?"

Nikafungua. Mwanangu, ule ukurasa naweza kukuchorea leo. Juu kabisa palikuwa na maneno mawili. La kwanza nililijua, ni hewa. La pili nikalitambua kidogo, lina habari ya kusafisha. Chini yake pameandikwa kila siku, na hilo nililijua vizuri. Mengine yote yalikuwa giza. Ningeweza kusema, "Mzee, hapa sijui." Pale kijijini alikuwepo mwalimu wa kike, Mwalimu Elizabeti, mwenye Kiingereza cha kweli. Nyumba yake ilikuwa hatua mia mbili kutoka kwangu. Lakini msomi aende kuuliza kwa mwanamke? Nilikohoa, nikasema kwa sauti ya ofisini, "Kitabu kinasema trekta lisafishwe kila siku, kisha likae kwenye hewa."

Mzee Ntandu akarudia maneno yangu ili asisahau. Akanishukuru.

Kuanzia siku ile kijiji kizima kikawa kinaosha trekta. Maji tulikuwa tunayafuata mbali, kina mama wanaamka wanakwenda na ndoo kichwani, na ndoo ya kwanza haikuwa ya mtoto wala ya uji, ilikuwa ya trekta. Wakimaliza kuliosha, Mzee Ntandu analipandisha pale kilimani, analigeuza lielekee upepo, anafungua boneti, ili lipate hewa kama kitabu kilivyosema. Unaujua upepo wa Singida. Unajua unakuja na nini. Na mchana kutwa trekta linavuta tela la miti na mapipa ya maji katikati ya vumbi. Kwa nje lilikuwa zuri kuliko siku lilipokuja. Watu wa vijiji vingine walikuja kulitazama, na mimi nikawa nawaeleza kwa kirefu faida za hewa.

Mwanangu! Nikikumbuka hapo natamani kujichapa.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Mzee Ntandu akafunga plau, akaingia shambani, akalima hatua chache. Trekta likakohoa, likatoa moshi mweusi, likagonga, likazima. Hakuna kilichoweza kuliwasha tena. Watu walisimama na mbegu mikononi.

Fundi wa mkoa akarudi, safari hii na mkuu mmoja kutoka wilayani. Akafungua chombo fulani pembeni ya injini, chenye bakuli la oili chini. Kumbe hilo ndilo chujio la hewa. Injini inavuta hewa, hewa inapita humo, vumbi linabaki kwenye oili, na ile oili inatakiwa kumwagwa na bakuli kusafishwa kila siku. Lilikuwa limejaa tope gumu. Halikuwahi kufunguliwa. Fundi akalishika juu watu wote walione. "Hii imeandikwa kwenye kitabu," alisema. "Ukurasa wa mwanzo kabisa. Nani alikuwa na kitabu?"

Mzee Ntandu alinigeukia. Akanisubiri. Aliamini nitasema.

Yule mkuu akatamka neno la siku zile, hujuma. Akauliza nani amehujumu mali ya wananchi. Neno hilo lilikuwa linapeleka watu mahali pabaya, mwanangu. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Mimi nilimsomea Mzee Ntandu kila kitu. Hakufuata."

Ndiyo. Mimi baba yako nilisema hivyo, mbele ya watu, kwa sauti yangu.

Walimpandisha nyuma ya gari wampeleke Singida. Kabla ya kupanda alikuja hadi nilipo. Hakunipiga. Alisema, "Kijana, nilikuja kwako kofia mkononi nikakwambia sijui. Sikufa. Wewe neno hilo lingekuua?" Kisha akapanda.

Sikuwa na mke wakati huo. Chakula changu nilikuwa nakipata kwa mke wa Mzee Ntandu, tangu nilipoanza ukarani. Nilidhani sasa nitalala njaa, na nilistahili. Lakini yule mama alikuja na ugali na mlenda kama kawaida. Siku ya nne akaja na chakula, na chini ya kawa ameweka karatasi na bahasha. Akaniambia, "Kula kwanza, mwanangu. Ukishiba utuandikie barua mkoani. Wewe ndiye msomi wetu. Waambie mume wangu hajahujumu kitu, yeye alifuata kitabu."

Nilikuwa nimeshika tonge. Nikalirudisha kwenye sahani mbele yake. Nikachukua karatasi nikaandika. Nilianza kwa maneno makubwa ya kiofisi, mkono ukagoma. Nikachana, nikaandika upya kwa Kiswahili cha nyumbani: kitabu nilikisoma mimi, sikukielewa, nilitunga, na kosa ni langu. Nikamsomea mama yule barua nzima. Safari hiyo nilisoma kilichoandikwa. Alisikiliza hadi mwisho, akachukua sahani yake akaondoka, na hakuniletea tena chakula.

Barua nikaipeleka mwenyewe kwa miguu. Mimi nilivuliwa ukarani, nikapewa kazi ya sulubu miezi kadhaa, na sikulalamika. Mzee Ntandu alirudishwa. Lakini alirudi mvua zimekata. Mwaka ule tulikula majani na mizizi, na tukapanga foleni ya unga wa njano. Trekta lilibaki pale kilimani limeelekea upepo, watu wakawa wanang'oa kimoja kimoja, huyu boliti, yule waya, hadi likabaki chuma tupu.

Mzee Ntandu hakushika usukani tena maisha yake. Na mimi hakuniitikia tena. Kila nilipokutana naye nilisema shikamoo. Njiani, kisimani, misibani. Aliwaitikia watoto, aliwaitikia walevi, mimi ananipita. Nimeoa, nikamwamkia. Nimezaa, nikamwamkia. Alipokuwa mgonjwa wa kufa nikaenda hadi kitandani nikasema, "Shikamoo, Mzee." Akageukia ukutani. Tumemzika na marahaba yangu.

Sasa turudi kwako.

Ulipolileta hilo gari hapa ulitukusanya ukatusomea kwenye simu habari za hao Wakorea. Ukasema wenye kampuni hiyo walianza bila kujua kutengeneza gari, wakawa wanaunganisha magari ya watu wengine kwa vipande, wanauliza, wanafundishwa. Ukasema watu waliyacheka magari yao ya mwanzo, na wao wakayasikiliza malalamiko ya wateja, wakarekebisha, hadi leo yamejaa dunia nzima. Ulisoma kwa majigambo kana kwamba wewe ni mjomba wao. Nilikuwa nasikiliza nikawaza, miaka ile wao wanasema hatujui, tufundisheni, mimi nilikuwa pale kilimani nalipigisha trekta upepo. Nikatamani kulia. Wewe hukuelewa ulichokisoma, mwanangu. Ulisoma kama mimi nilivyosoma.

Na mimi angalau nilikuwa na kitabu na mwalimu mmoja. Wewe hiyo simu uliyonayo ukiielekeza kwenye maandishi ya Kikorea inakugeuzia kwa Kiswahili palepale, mdogo wako amenionyesha jana. Nimemwambia afungue swichi kwa funguo hizi, abandue teipu yako, aipige picha ile taa. Unajua imesema nini? Imesema shinikizo la oili limeshuka, simamisha gari, zima injini. Mkorea wa watu alikuandikia kabisa! Ukamziba mdomo, sasa unazunguka mjini unasema magari ya Kikorea ni mabovu na dereva ni mhuni. Yule mwalimu mstaafu wa Mitundu ana gari kama lako, usukani huohuo wa kushoto, maandishi hayohayo. Alilipeleka kwa fundi siku aliyolinunua, akatafsiriwa taa zote, akaziandika kwenye daftari kwa mkono wake. Linatembea hadi leo, linabeba alizeti yake.

Sikiliza, na wenzako wasikie. Usiyoyajua, sema huyajui, mapema, wakati kosa bado ni dogo. Ukiwa na watu chini yako ndiyo useme zaidi, maana wao wanafuata mdomo wako. Anayekuuliza swali usimwone mjinga. Juma alikuuliza mara mbili, na katika ninyi wawili mwenye akili alikuwa yeye. Na ukishakosea, kosa libebe wewe. Injini inanunuliwa nyingine. Jina la mtu uliyemsingizia halina spea, mwanangu, nimeitafuta miaka yote hii.

Funguo alizozileta Juma ziko hapo mezani. Zichukue uende nazo Mwankoko, umwombe radhi kwao, mbele ya mama yake. Kisha mwongozane hadi kijiweni, palepale uliposimama, mbele ya walewale, useme teipu niliibandika mimi. Sema kwa sauti ileile uliyomsemea. Usinitumie kama kisingizio, usiseme baba kanilazimisha.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kusema sijui, na shingo ya kubeba la kwako. Akulindie mikono yako na chombo chako, na akupe watu wa kukuuliza maswali hadi uzeeni. Hizo ni dua zangu, nimekuombea kwa moyo wote hata nikiwa na hasira hizi.

Sasa nenda. Ukirudi, simama tena hapo mlangoni uniamkie. Nitakuwa nimekaa hapahapa, na safari hii nitaitika.