Lorna Perhala Aliyeacha Miamba

Jumanne, tarehe 11 Februari. Baridi nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri, jua kali lisilo na joto lolote, upepo ukitoka ziwani. Mtaa mzima magari yaligoma kuwaka. Lorna Perhala alikwenda hospitali kwa miguu, akafika kope zake zimeshikana kwa barafu, dakika kumi na mbili kabla ya zamu ya saa moja asubuhi.

Alikuwa na miaka thelathini na saba, na mfukoni mwa koti lake la baridi mlikuwa na barua ya onyo kutoka chuoni. Barua ilikuwa na sentensi tatu. Ya kwanza ilisema kwamba kumbukumbu zake za wagonjwa ni sahihi na safi. Ya pili ilisema kwamba mgonjwa mwenyewe hamwoni. Ya tatu ilisema kwamba mwalimu wake, Bi. Whitcomb, angekuja wadini Jumanne hiyo kumtazama akifanya kazi, na asiporidhika, masomo ya Lorna yangeishia hapo.

Shahada yake ya kwanza ilikuwa ya miamba. Kwa miaka kumi na mmoja alifanya kazi katika banda refu huko Eveleth, mji wa machimbo ya chuma kaskazini alikozaliwa, akisoma nguzo nyembamba za mwamba zilizochimbuliwa kutoka chini kabisa ya ardhi na kulazwa kwenye masanduku kama mishumaa. Aliipima kila nguzo kwa rula, akailowesha maji ili rangi yake itoke, akaandika: kijivu, chembe ndogo, ufa wa mshazari. Kazi aliipenda. Mwamba hauna haraka, na ukiutazama vya kutosha hukuonyesha kila kitu.

Kilichomtoa bandani ni kidonda cha shangazi yake. Shangazi Aili alikuwa na kidonda mguuni kilichokataa kupona, na kila Jumatano Lorna alimpeleka kliniki kubadilishwa bandeji. Muuguzi alifungua, akainama, akanusa, akasema, "Hapa pembeni pameanza kufunga." Lorna naye akainama. Ukingoni mwa kidonda kulikuwa na mstari wa rangi ya waridi, mwembamba kama uzi, ambao Jumatano iliyopita haukuwepo. Alisimama pale kinywa wazi. Alikuwa amezoea mabadiliko ya mamilioni ya miaka. Hili lilikuwa limetendeka kwa siku saba, chini ya bandeji, huku shangazi akitazama televisheni. Mwezi wa tatu kidonda kikapona, na Lorna akajikuta anazikosa zile Jumatano.

"Wenzio wanakosa wachumba," Shangazi Aili alimwambia, "wewe unakosa kidonda! Nenda kasome uuguzi utuondolee aibu."

Akaenda. Chuo kimoja mjini Duluth kilikuwa na shahada ya uzamili ya uuguzi kwa watu waliokwisha kusomea mambo mengine: miezi ishirini mfululizo, bila likizo ya kiangazi. Darasani walikuwa ishirini na wanne. Alikuwamo mhasibu, alikuwamo mwalimu wa Kifaransa, na alikuwamo bwana mmoja wa falsafa aliyezimia alipoona sindano kwa mara ya kwanza, akazinduka na kuwaomba radhi wote kwa usumbufu. Kwenye mitihani ya karatasi Lorna aliwapita. Kwenye wadi alikuwa wa mwisho. Alisimama mbele ya kitanda kama anayesimama mbele ya sanduku la mawe, akapima, akaandika, akaondoka.

Muuguzi aliyempokea wadini ni Dolores Zupancich, mwanamke mfupi wa miaka sitini na moja, mwenye stashahada ya miaka miwili na uzoefu wa miaka thelathini na minane. Wanafunzi wenye shahada mbili mbili walimchekesha, na hakuficha.

"Umefika, msomi? Nilidhani umegandia njiani."

"Gari limekataa kuwaka."

"Hata lingewaka mngekaa kwanza mkajadiliana. Haya, chumba cha sita. Reuben Skogstad. Huyo ndiye wako leo, na huyo mwalimu wenu akija akukute kwake."

Mzee Skogstad alikuwa na miaka themanini na mmoja, dereva mstaafu wa treni ya kubeba mawe ya chuma kutoka Two Harbors. Jumapili alipanda ngazi kuparua theluji juu ya paa la gereji, akaanguka, akavunjika mbavu nne za kulia. Jirani yake, kijana mwenye nguvu, angeifanya kazi hiyo kwa dakika kumi, ila ingebidi kumwomba.

Daktari alikwisha kupita mapema. Alisema mzee anapumua kwa juu juu tu, na sehemu ya chini ya pafu la kulia inaanza kujifunga. Kama ikifika saa nane mchana bado hajavuta pumzi ya maana, atapelekwa ghorofa ya juu, kwa wagonjwa mahututi, na huenda akawekewa mashine ya kumpumulia.

Lorna alihesabu pumzi kwa dakika nzima: ishirini na nane, fupi fupi, kama za mtu anayenusa kitu. Oksijeni ya damu asilimia tisini, na mrija wa hewa puani. Akaweka stetoskopu mgongoni. Upande wa kushoto alisikia hewa ikiingia na kutoka. Upande wa kulia, chini, hakusikia kitu. Akampa kile kichupa cha plastiki chenye kigoroli kinachopanda mtu akivuta hewa. Kigoroli kilifika alama ya mililita mia nne, kikaanguka.

"Maumivu yakoje, Mzee Skogstad? Kuanzia sifuri mpaka kumi."

"Siyo mabaya sana."

"Kwa namba?"

"Eh, labda mbili." Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Nikuletee dawa?"

"Hapana, asante. Wapeni wanaoumwa."

Baada ya nusu saa alirudi, akamuuliza tena.

"Usijisumbue, binti," mzee alisema. "Una kazi zako."

Lorna akatoka, akaandika: Mgonjwa amekataa dawa ya maumivu mara mbili. Saa mbili na dakika arobaini. Hakuacha nafasi hata moja wazi kwenye ukurasa.

Dolores akaja kusoma akichungulia begani kwake.

"Umemuuliza mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Mara mbili!" Dolores aliweka kikombe chake chini. "Hebu niambie, wewe umezaliwa wapi?"

"Eveleth."

"Nilidhani Ufaransa. Nyumbani kwenu mgeni akikaribishwa kahawa anasemaje?"

Lorna hakuhitaji kufikiri. Mara ya kwanza mgeni husema hapana, asante. Mara ya pili husema usijisumbue. Mara ya tatu husema basi, nusu kikombe tu, kama imeshachemshwa, na hunywa viwili. Mwenyeji anayeishia mara ya pili husemwa mtaani mwaka mzima kwamba ni mchoyo. Lorna alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Alikuwa amelivua mlangoni mwa hospitali pamoja na koti.

Uso ulimwaka moto.

"Huyu mtu hajakataa dawa," Dolores alisema, na sauti yake haikuwa ya utani tena. "Anakungoja wewe. Na akingoja mpaka saa nane, atangojea juu, na bomba kooni."

Dolores alifungua kabati la dawa, akatoa kidonge na kukitia kwenye kikombe kidogo cha karatasi. Lorna alipogeuka nacho alimkuta Bi. Whitcomb amesimama kwenye korido, daftari mkononi. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa sauti, aliyehamia kutoka Arizona, jimbo la jangwa kusini kabisa, miaka miwili iliyopita.

"Nimesoma ulichoandika," alisema. "Mgonjwa amekataa mara mbili. Hiyo dawa inakwenda wapi?"

"Kwake."

"Lorna, tumefundishana darasani. Hapana ya mgonjwa ni hapana. Ukiuliza na kuuliza, unamlazimisha."

Lorna alijua jibu la mtihani. Alijua pia kwamba akilitoa, siku yake ingeisha salama. Alitazama kidonge.

"Bado hajakataa, Bi. Whitcomb," alisema. "Amesema tu hapana."

Mwalimu aliandika kitu kwenye daftari, akamfuata.

Chumbani Lorna hakuuliza lolote. Alivuta kiti akaketi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya wadini, na macho yake yakawa usawa wa macho ya mzee.

"Gari langu limegoma leo," alisema.

"Ulichomeka hita ya injini kwenye umeme jana usiku, isigande?"

"Nilisahau. Na mimi mtoto wa Eveleth."

"Mtoto wa Eveleth anasahau hita!" Mzee alianza kucheka. Kicheko kilikatika katikati, mkono ukaruka ubavuni, na uso wake ukawa rangi ya majivu. Lorna aliona kila kitu: vidole vilivyoganda, shingo iliyokakamaa, pumzi iliyosimama kabisa mpaka maumivu yapite. Haikuwa mbili. Kwa saa mbili na nusu hicho kitu kilikuwa mbele yake, naye alikuwa akitazama kigoroli.

"Mzee Skogstad," alisema taratibu, "chini ya pafu lako la kulia sisikii hewa. Pakiendelea hivyo, mchana watakupeleka juu, na mashine itapumua badala yako. Kidonge hiki ni ili uweze kuvuta pumzi na kukohoa."

Mzee aligeuza kichwa kumtazama.

"Mbona hukusema hivyo tangu asubuhi?"

"Nilikuuliza kuhusu maumivu."

"Maumivu ni yangu," mzee alisema. "Hayo nayaweza. Pumzi ni kazi, na kazi sijawahi kuikimbia." Akakitazama kikombe cha karatasi. "Kimeshatolewa?"

"Kimeshatolewa. Nipo radhi kukirudisha ukitaka. Unakitaka?"

"Basi, nusu tu."

"Kimeandikwa kizima."

"Kizima, basi. Kisiharibike."

Saa tano kasoro robo Lorna alimpa mto aukumbatie ubavuni, akamwambia akohoe. Mzee alikohoa mara tatu, akatema, akasema neno la Kinorwe ambalo Lorna hakulijua na hakulihitaji. Kisha akakishika kichupa. Kigoroli kikapanda mia saba. Wakapumzika. Mia tisa na hamsini. Wakapumzika tena. Elfu moja mia mbili, na mzee akakishikilia pale, macho yamemtoka kama bado anaendesha treni mlimani.

Lorna akaweka stetoskopu mgongoni, kulia, chini. "Vuta," alisema.

Mwanzo hakusikia kitu. Halafu, mbali sana, vitu vidogo visivyohesabika vikaanza kufunguka kimoja kimoja, kwa mlio mwembamba kama wa unywele unaosuguliwa kati ya vidole karibu na sikio. Vikafuatwa na hewa yenyewe. Ilishuka laini, ikajaa, ikafika mahali ambapo asubuhi palikuwa pamefungwa, ikageuka ikatoka. Alikuwa amevisoma kitabuni, na kwenye mtihani alivichora bila kosa: vifuko vidogo vya hewa, mamilioni, kuta zake nyembamba kupita karatasi. Hakuna kitabu kilichomwambia kwamba angevisikia vikiamka. Huyu mzee hakuvijua, hakuviamuru, alikuwa akitazama dirishani, na ndani yake vilikuwa vikifunguka kama vilivyofunguka siku aliyozaliwa. Miaka kumi na mmoja Lorna alikuwa ameshika mikononi vitu vya zamani kuliko mnyama yeyote, na hakuna hata kimoja kilichowahi kusogea.

"Vuta tena," alinong'ona.

Akageuka na kumpa Bi. Whitcomb stetoskopu. Mwalimu aliinama akasikiliza. Akasikiliza kwa muda mrefu kuliko alivyohitaji. Dolores, aliyekuwa amesimama mlangoni, naye akaja na ya kwake.

"Kuna nini humo?" Mzee Skogstad aliuliza. "Mbona mnapanga foleni?"

"Tunasikiliza injini, Reuben," Dolores alisema. "Kaa kimya uvute."

Saa nane daktari alipokuja, pumzi zilikuwa kumi na tisa kwa dakika na oksijeni tisini na tano. Akasema mzee abaki alipo.

Bi. Whitcomb alimwita Lorna kwenye korido. Daftari lilikuwa wazi.

"Utaandikaje?"

"Kwamba mara mbili alisema hapana. Kwamba nilimweleza sababu ya dawa, jambo ambalo sikulifanya mwanzoni. Na kwamba mara ya tatu alikubali mwenyewe."

"Hilo la kutomweleza mwanzoni ndilo nililoanza kuandika kama kosa lako. Liandike hivyo hivyo." Kisha mwalimu akauliza kwa sauti ya chini, "Ni mara tatu, kweli? Kila kitu?"

"Kila kitu."

"Wiki mbili zilizopita nilimkaribisha jirani yangu chakula. Akasema hapana, asante. Nikamtakia usiku mwema, nikafunga mlango."

"Mungu wangu," alisema Dolores kutoka mezani kwake. "Maskini, huenda bado amesimama kwenye theluji!"

Bi. Whitcomb alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akafunga daftari, akamwambia Lorna kwamba barua ya onyo imefutwa, na kwamba kuanzia kesho atahudumia wagonjwa wawili.

Kesho yake, Jumatano, baridi ilikuwa nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri. Lorna alifika wadini saa kumi na mbili na nusu, akapokea taarifa za chumba cha sita na cha nane. Saa moja na nusu alimshika Mzee Skogstad mkono wa kushoto, wakatembea hatua kumi na tisa hadi mwisho wa korido, wakasimama mpaka pumzi zikatulia, wakarudi. Alimketisha kwenye kiti, akamsogezea uji wake wa shayiri, akaenda chumba cha nane.