Mdudu wa Mwavita na uzi wa kitenge

Saa mbili asubuhi ufukoni mwa ziwa, mjini Kalemie, jua limeshaanza kuuma, na Mwavita Twahiri anageuza ndagala, dagaa wa ziwa hili, juu ya mchanga kwa mkono mmoja. Mkono wa pili unashikilia simu. Simu imebandikwa kwa plasta kwenye jicho la hadubini, na hadubini imekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Mama, usipumue," anasema. "Ukipumua, ziwa lote linatikisika."

"Nisipumue mpaka lini? Miye ni muntu, si ndagala," anajibu Mama Mouna, mdogo wa mama yake, aliyemlea na anayemlipia minerval, ada ya masomo, kwa samaki hawa hawa.

Mwavita ana miaka ishirini na mitatu. Alizaliwa vita ikiwa mlangoni, ndiyo maana ya jina lake, na sasa anasoma biolojia katika taasisi moja ya ualimu mjini huku vita nyingine ikibisha hodi. Tangu Februari 2025, mitumbwi inashusha watu wanaokimbia mapigano upande wa Uvira. Madarasa yamegeuka vyumba vya kulala. Kolera nayo, yaani kipindupindu, ambayo Kalemie wanaijua kama jirani mkorofi, imepata wageni wa kutembelea.

Darasani kwao wako saba. Hadubini ni moja, na ina umri wa kustaafu. Mwalimu wao, Papa François, amewapa kazi: kila mmoja aandike blogi na kutengeneza video ya dakika moja juu ya kiumbe anayemjua. Sharti ni moja. "Usitie neno ambalo mama yako hawezi kulirudia sokoni," huwaambia.

Mwavita alichagua mdudu mdogo wa maji ya ziwa, mwenye jicho moja na mikono mirefu kama makasia. Vijidudu vya kolera hupenda kumpanda mgongoni. Alitaka wakimbizi waone kwa nini maji ya ziwa yachujwe na kuchemshwa.

Video ilitoka vizuri mno. Mdudu alijaa kioo chote cha simu, akipiga makasia yake. Mwishoni Mwavita akaongeza sentensi moja, ya kweli kabisa, ambayo hata leo akiikumbuka hujishika kichwa: "Huyu njo chakula cha ndagala," yaani ndiye ndagala wanayemla.

Siku ya kwanza waliitazama watu arobaini na mmoja. Siku ya pili hakuna aliyehesabu tena, maana ilishaingia kwenye makundi ya WhatsApp. Jumatano mdudu alikuwa na ukubwa wa paka. Alhamisi akaota pembe. Ijumaa mtu mmoja sokoni aliapa kwa kaburi la bibi yake kwamba huko Moba mdudu huyo amemeza mtumbwi, injini na vyote, akamwachia mwenyewe kofia.

Jumamosi Mama Mouna alirudi nyumbani na beseni lake limejaa vile vile lilivyotoka.

"Miaka kumi na tisa nauza," anasimulia. "Sijawahi kurudi na beseni zima. Nilifikiri labda nimenuka miye."

Pigo zito lilikuwa Papa Valère, mnunuzi anayepeleka magunia Nyunzu kwa treni, ile treni inayofika siku inayojisikia. Alisimama mbele ya samaki, mikono mgongoni.

"Mama Mouna, nakuheshimu. Lakini siwezi kuwalisha watu mududu wa mutoto wako."

"Umemuona wapi?"

"Kwa simu. Mukubwa hivi!" Akapima kwa kiganja chote.

Biashara ililala siku sita. Bila magunia ya Nyunzu hakuna minerval, na mtihani ulikuwa wiki mbili mbele. Lakini kilichomkata Mwavita maini ni kitu kingine. "Nilishuka ufukoni nikawaona wakimbizi wanachota maji, wanakunywa pale pale," anasema. "Watu waliacha ndagala, wakaendelea kunywa ziwa. Nilitamani simu inimeze, kama ule mtumbwi wa Moba."

Alimpelekea Papa François video akitegemea kugombezwa. Mwalimu aliitazama mara mbili, akauliza swali moja tu: "Pembeni yake uliweka nini?"

Hakuwa ameweka kitu cha kulinganishia ukubwa. Darasani wote wanajua hadubini inakuza. Sokoni nani aliwaambia?

Jumatatu aliibeba hadubini hadi ufukoni, akamkalisha Mama Mouna mbele yake. Mama akachungulia, akaruka nyuma, akachungulia tena. Kisha akachomoa uzi mmoja kwenye pindo la kitenge chake.

"Muwekee huu pembeni."

Kwenye kioo uzi ukatokea mnene kama kamba ya kufungia meli bandarini. Mdudu kando yake hakufikia unene wa nyuzi tatu.

"Alaa! Kama kitenge changu kinashonwa kwa kamba za meli, basi na huyu ni simba," Mama akasema, na simu ilikuwa inarekodi. Papo hapo akakunja kitenge kikuukuu mara nne, akakiweka mdomoni mwa ndoo, akamimina maji ya ziwa. "Simba kabaki juu. Sasa nachemsha, na wale aliowabeba mgongoni wafe. Na ndagala nampika, namla." Akamla.

Video hiyo ilizunguka kuliko ya kwanza. Siku ya tatu Papa Valère alirudi, akadai kuona kwa macho yake. Akainama kwenye hadubini muda mrefu.

"Kamba naiona," alisema. "Mududu yuko wapi?"

"Huyo hapo chini ya kamba, Papa."

"Huyu?" Akainuka taratibu, akijifuta jasho. "Niwekee magunia mawili. Na ile habari ya kiganja, tafadhali, isifike Nyunzu."

Mtihani Mwavita ameufanya. Akimaliza masomo anataka kupanda treni hiyo hiyo na hadubini mapajani, afundishe Nyunzu, ambako wengi wanarudi mashambani baada ya miaka ya kukimbia. Blogi inayofuata ni ya mbu wa malaria, na Mama Mouna ameshaweka sharti lake: naye awekewe uzi pembeni.

Pindo la kitenge chake limeanza kufumuka upande mmoja. Hataki lishonwe. "Acha," anasema, "wadudu bado wengi."