Kikohozi Nyuma ya Mvua

Nalipwa kukata vikohozi. Usicheke, ni kazi kama kazi nyingine. Kituo kidogo cha redio hapa mjini Kericho huniletea mahubiri, mahojiano na matangazo ya mbolea, nami naketi na hedfoni masikioni kuondoa kila kitu ambacho msikilizaji hakukuja kusikia: kiti kinacholia, kuku wa jirani, mhubiri anayesafisha koo. Ndiyo maana Jumapili iliyopita nilishtuka. Mtoto fulani, simjui, aliweka kwenye mtandao wetu wa sauti dakika moja ya mvua ikipiga mabati, na nyuma ya mvua hiyo mtu mzima akakohoa. Kilikuwa kikohozi kirefu, cha chini, chenye maji. Nilikijua. Utotoni nililala nacho chumba kimoja.

Kukueleza nilivyokijua, inabidi turudi kwa kogo, yaani nyanya yangu, kwenye shamba lake la chai juu kidogo ya Kapsoit. Kogo alinilea kwa mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha kibuyuni, kwa viazi na kwa shaka. Lango letu lilifungwa kwa waya, na waya huo aliusokota kwa namna yake mwenyewe ili akirudi kutoka shambani ajue kama kuna mkono mwingine umeugusa. Mgeni akisifu ng'ombe wetu, kogo alishajua kwamba anataka kumnunua kwa bei ya kuku. Hakumwamini mtu anayecheka kabla ya kusalimia, wala anayeacha mursik kwenye kikombe. Nami nilikuwa mjukuu wake kwelikweli. Shuleni nilifunika daftari kwa mkono hata nilipokuwa naandika jina langu tu.

Asubuhi tulichuma chai kabla sijaenda shule, umande ukilowesha sketi hadi magotini. King'ora cha kiwanda kilipolia, nilijua nimechelewa. Mchana harufu tamu ya majani yanayokaushwa ilipanda mlima hadi kwetu, na saa tisa, karibu kila siku, mvua ilifika, mara nyingine na mawe yake. Mvua ya mawe ilipopiga mabati hatukuweza kuzungumza, kwa hiyo tulikaa tu tukila viazi na kutazamana. Sijui kama nimewahi kuwa na raha kuliko hiyo.

Nilipoingia kidato cha kwanza, mwalimu wa kompyuta alituonyesha kitu alichokiita kijiji cha sauti. Watu wa mahali pengi walirekodi dakika moja ya sauti za kwao na kuiweka hapo wengine wasikilize. Hapakuwa na kampuni. Kila kundi lilikuwa na nyumba yake, na nyumba maana yake ni kompyuta ya mtu mmoja aliyejitolea kuitunza. Nyumba hizo zilisikilizana, lakini hakuna iliyoamuru nyingine. Yetu ilikuwa kompyuta ndogo isiyozidi Biblia, juu ya kabati nyumbani kwa mwalimu. Mtu akizima kompyuta yake, nyumba yake ilipotea na kila kilichokuwamo, na zile nyingine ziliendelea kama kawaida.

Mwalimu alikuja kumwomba kogo ruhusa. Alikuwa ametoka upande wa ziwa, mtu mpole, na kogo alimpa mursik kikombe kizima ili amwone vizuri.

"Hii kitu mwenyewe ni nani?" kogo akauliza.

"Haina mwenyewe, mama. Kila mtu anaangalia nyumba yake, halafu tunaelewana."

"Kama kokwet?"

Mwalimu akanitazama. Nikamweleza kwamba kokwet ni kikao cha majirani, ambapo hakuna chifu wala mkubwa, wanakaa tu wanazungumza mpaka wakubaliane.

"Eeh, mama. Ni kama hiyo kabisa."

"Hata kokwet kuna mtu hufika mapema kupanga maneno," kogo akasema, akielekeza macho kwenye kikombe ambacho kilikuwa bado kimejaa. Mwalimu aliyaelewa macho yale. Akainua kikombe, akanywa mpaka tone la mwisho, machozi yakimlenga, na ruhusa nikapata.

Hata hivyo kogo hakulala. Ni nani anataka kusikia zizi la mtu mwingine? Mwizi, alisema, anayetaka kujua mbwa analala upande gani. Kwa hiyo sauti ya kwanza tuliyoipeleka ulimwenguni, kwa simu kuukuu ya shangazi yenye kioo kilichopasuka, ilikuwa ya mbwa wetu akibweka pembe tatu za boma, ili wasikilizaji wadhani tuna mbwa watatu.

Baadaye nilipeleka majani yakikatika mkononi, mvua ya mawe, na maziwa yakigonga ndoo. Watu walijibu. Mmoja alinifundisha kuficha simu chini ya kapu upepo usiiharibie sauti. Mwingine alinikosoa, nikamkosoa, tukabishana wiki nzima bila tusi, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona likifanyika kwa watu wazima. Mimi niliyekuwa nanong'ona nikiitwa darasani nilianza kuuliza maswali. Lakini sikumwambia mtu kwetu ni wapi. Nilisema ni mlimani, basi.

Mle ndani kulikuwa na mmoja niliyemwita mtu wa mvua, kwa sababu hakuleta sauti nyingine ila mvua. Nyumba yake ilikuwa yake peke yake. Hakuwa na picha, na Kiswahili chake kilikuwa safi mno, hakikuonyesha kwao. Nilimwogopa kidogo. Siku moja, chini ya sauti yangu ya kukamua, aliandika: "Samahani kuuliza. Ng'ombe huyu ameanza kukohoa lini?"

Nilipomsomea kogo, aliweka ndoo chini. Hivyo ndivyo mabroka wa ng'ombe walivyofanya kwetu. Mmoja anapita kwenye ua leo anakuambia ng'ombe wako amekonda, na kesho mwingine anakuja na bei ya huruma. Na ng'ombe yule ndiye aliyekuwa karo yangu. Tukamngoja huyo wa pili. Kogo aliketi langoni na fimbo magotini, akimenya viazi. Hakuja mtu, na hilo likamtia hofu kuliko kama angekuja. Mwishowe alienda zizini akaweka sikio kwenye mbavu za ng'ombe, akakaa hivyo muda, kisha akanituma kwa daktari wa mifugo. Ilikuwa homa ya mapafu. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu, angetukuta tunachuna ngozi.

Unadhani kogo alishukuru? "Alijuaje?" ndilo neno lililobaki nyumbani kwetu. Alibadilisha waya wa lango. Mimi nami nilianza kusikiliza upya sauti zetu zote, nikitafuta nini kingine tulichokuwa tumemwonyesha mtu huyu bila kujua. Hapo ndipo ujumbe wa pili ulipofika, chini ya sauti mpya ya kukamua: "Ng'ombe amepona, nafurahi. Na yule mwingine anayekohoa nyuma yake?"

Nyuma ya ng'ombe hapakuwa na mwingine. Alikuwako kogo, kwenye kigoda chake.

Alikuwa amekohoa muda mrefu kiasi kwamba sikukisikia tena kikohozi kile, kama usivyosikia saa ya ukutani. Moshi wa jikoni, alisema siku zote. Nilipomsomea ujumbe aliifunika simu kwa kapu, akaendelea na kazi. Niliogopa sana siku hizo. Sikuwa na mtu mwingine duniani wa kunifungulia mlango nikitoka shule, na sasa nilisikia kila pumzi yake, hata nilipokuwa darasani.

Jumamosi moja asubuhi akaniita nyuma ya zizi.

"Washa hiyo kitu," akasema. Akaishika simu karibu na kifua, akavuta pumzi, akakohoa, akaiona kama haitoshi, akakohoa tena. "Sasa muulize. Lakini usimwambie ni mimi. Mwambie ni ng'ombe ingine."

Nikaandika hivyohivyo, kwamba tuna ng'ombe wa pili, mzee kidogo. Jibu lilikuja kabla ya chai ya saa nne: "Ng'ombe huyu mpelekeni hospitali ya watu. Msingoje."

Kogo alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akaketi chini kwenye nyasi za nepia za ng'ombe. Alipoinuka hakuwa akicheka. Akavaa kitambaa chake cha kanisani, tukateremka hospitalini. Kilikuwa kifua kikuu. Alimeza dawa kwa miezi, akinung'unika kwamba vidonge vinavyotolewa bure lazima vina lao jambo, lakini akavimeza vyote. Mimi nilipimwa nikakutwa mzima. Akapona, nikawa naye miaka mingine ambayo nisingeipata.

Alitaka kumshukuru mtu wa mvua, ila kwa masharti yake. Aliongea mwenyewe kwenye simu: "Kongoi. Asante. Lakini wewe ni nani, na unataka nini?" Mtu wa mvua akajibu kwa dakika moja ya mvua. Tulimwuliza tena, akaleta nyingine. Kisha siku moja nyumba yake haikufunguka, wala kesho yake, na sauti zake zote zikaenda nayo. Sijui kama alihama, alichoka, au alikufa. Sijui hata kama alikuwa mwanamume.

Kogo hakukubali kwamba ameenda. Hakuna mtu husaidia bure, alisema, atakuja tu kuchukua yake. Akatenga kibuyu kimoja cha mursik, akakitundika peke yake karibu na mlango, na wageni wengine walipokinywa alikijaza upya. Mbwa akibweka langoni alisema, "Huyo sasa ni yule mtu ya mvua. Akuje, anywe kwanza, ndio tumuulize." Alisema hivyo hadi mwaka aliokufa.

Sasa nikienda kule ninasikia mashine zikikata chai upande wa pili wa bonde, na vidole vya wachumaji sivisikii. King'ora kimenyamaza. Kijiji cha sauti nacho kimepungua, nyumba moja moja zikizimwa. Mwalimu alipohamishwa aliniachia ile kompyuta ndogo, na ndiyo iko juu ya kabati langu leo, kwa hiyo mwenye nyumba ni mimi. Kibuyu ninacho pia. Nakikosa kicheko cha kogo kuliko ninavyoweza kukuambia.

Basi Jumapili hiyo nilimwandikia mtoto yule wa mvua na mabati: "Samahani kuuliza. Anayekohoa ni nani?"

Akajibu haraka: "Wewe nani na unataka nini?"

Nilifurahi, maana huyo amelelewa. Nikaanza kujieleza, jina langu, kazi yangu, kogo wangu, na kila nilipoandika sentensi niliiona ni ileile ambayo tapeli angeiandika. Nikaandika kwamba sitaki kitu, nikafuta, maana hata mimi nisingemwamini mtu anayesema hivyo. Hapo nikamwelewa mtu wa mvua na kunyamaza kwake. Nikarekodi mvua iliyokuwa ikinyesha dirishani kwangu, nikampelekea hiyo tu.

Kwa siku kadhaa sikusikia neno. Jana jioni ameleta sauti mpya, fupi, bila mvua. Chini yake ameandika: "Tuko na mbuzi inakohoa. Sikiza."

Nimemsikiliza mbuzi huyo. Akimaliza kukohoa, anamwita Yesu.