Mama wa Kanja aliyempoteza Cucu juu ya KICC

Maneno yalianzia kwenye mashina ya chai, kama yanavyoanza mengi Kanja. Eti lile jumba refu la Nairobi, KICC, huzunguka. Ukifika juu na watoto, ukageuka kidogo tu kutazama mji, jumba nalo limeshageuka. Mlango ulioingilia umehamia upande mwingine na hutauona tena.

Aliyeyaleta ni Nthiga, jirani aliyewahi kubeba mbao Nairobi enzi za ujana wake. Rwamba, mama mchuma chai wa hapo, hakuyaamini. Hakuyatupa pia. Alilala nayo, akaamka nayo, akayabeba ndani ya kikapu pamoja na majani.

Asubuhi hii ukungu bado umeikalia Kanja, huku kaunti ya Embu. Rwamba yuko katikati ya mistari ya chai, kikapu mgongoni, plastiki imefungwa kiunoni kuzuia umande. Vidole vinakata majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, wala haviangalii. Macho yako kwa wenzake, maana wameshaanza kumchokoza.

"Mama Mugendi, Cucu yuko wapi leo? Usije ukampoteza hata hapa kwa chai!"

"Wacheni! Yuko shule, na mwalimu analijua jina lake lote," anajibu, na kicheko kinapita mstari hadi mstari.

Cucu, kwa Kiembu, ni nyanya, mama mzaa baba au mzaa mama. Lakini Cucu wa Rwamba ana miaka sita. Anachofanana na nyanya ni lile pengo la meno ya mbele, basi. Alizaliwa msichana wa kwanza, na kwa desturi akapewa jina la mama mkwe wa Rwamba, Wambura. Sasa ni mke gani atasimama uani aite jina la mama mkwe wake kama anayeita mbuzi? Nyumba nzima ikamwita mtoto Cucu. Kanisani alibatizwa Maxine. Jina hilo lilitumika siku hiyo moja, kisha likapumzika.

Rwamba, mwenye miaka thelathini na sita, aliishia darasa la nane. Huchuma chai ya watu na ya vichaka vyake vichache, analipwa kwa kilo. Mvua ikinyesha vizuri watoto hula vizuri, kiangazi kikiingia kila mtu nyumbani hukonda pamoja na chai. Kabla ya Nairobi, mbali zaidi alikowahi kufika ni mji wa Nkubu, kumwona dada yake aliyelazwa hospitalini.

Kwa hiyo kanisa lilipotangaza safari ya watoto wa Sunday School kwenda Nairobi, alikataa. Lilipotangaza tena, akakataa tena. Aliyemvunja ni mtoto wake wa kwanza, Mugendi.

"Mami, kwa darasa letu wote wameona KICC. Tumebaki mimi na ng'ombe."

"Nilicheka mpaka nikakubali," anasema Rwamba. "Ukishacheka, huwezi kukataa tena."

Akaandikishwa kama mmoja wa akina mama wa kusindikiza watoto.

Siku ya safari, watoto waliliona jumba kabla ya wakubwa. Kelele zilizopigwa, anasema, hata Krismasi hazipigwi. Mugendi akasema ni gunzi la hindi lililosimamishwa. Cucu akauliza nani aliyala mahindi yote yale.

Kisha lifti. Rwamba alikuwa hajawahi kuipanda. "Watoto walikuwa wanacheka, mimi nasali. Lakini usiniulize kama niliogopa tu. Nilifurahi! Haki nilifurahi kama mtoto."

Juu kabisa kulikuwa na upepo, jua na mji mzima miguuni pao. Magari yalikuwa kama siafu. Watoto walikimbilia huku, wakakimbilia kule, wakionyeshana reli, saa ya Bunge, viwanja. Rwamba alitembea nao, khanga imefungwa kichwani kwa nguvu, anacheka peke yake.

Ndipo Mugendi akapiga ukelele: "Kirinyaga! Mami, kwetu! Kwetu kunaonekana!"

Kweli. Mbali, juu ya mawingu, mlima ulikuwa umechomoza, ule ule ambao yeye huchuma chai miguuni pake. Watoto wote walijaa upande huo. Walikuwapo pia watoto wa shule nyingine, na bahati mbaya sweta zao zilikuwa nyekundu kama za watoto wa Kanja.

Rwamba aliutazama mlima mpaka machozi yakamtoka. Halafu maneno ya Nthiga yakamrudia. Akageuka, akaenda kuutafuta mlango. Alipoupata, aliuegemea na kuushika kwa mkono.

"Nilisema, huu mlango hauendi popote bila mimi," anaeleza. "Nikaukazia macho. Nikisikia jumba linazunguka, nitazunguka nalo."

Mlango haukwenda popote. Cucu ndiye aliyekwenda. Watoto wa ile shule nyingine walipita hapo hapo mbele yake, wamebanana, wanaimba, wakashuka. Rwamba aliona sweta nyekundu zikipita. Hakuangalia nyuso. Alikuwa na kazi ya mlango.

Mwalimu Sheila, kiongozi wa safari, alipowaita watoto wa Kanja wajipange, Mugendi alishika mkono wa mama yake. "Mami, Cucu hayuko."

Rwamba alimrukia askari wa mlangoni. "Nimempoteza Cucu! Afande, Cucu amepotea!"

Askari alikuwa kijana mpole. "Pole, mama. Tulia. Huyo cucu anatembea vizuri? Ana mkongojo?"

"Mkongojo wa nini? Anakimbia!"

"Anakimbia," askari akarudia. "Amevaa nini?"

"Sweta nyekundu. Na viatu vya shule. Na soksi zinateremka."

"Mama," askari akasema polepole, "cucu amevaa viatu vya shule?"

"Mtoto wangu!" Rwamba akalia. "Cucu ni mtoto wangu!"

Wakati huo huo mama mwingine wa kanisa alikuwa ameshapiga simu nyumbani: Cucu amepotea KICC. Kanja ikasimama. Majirani walikimbilia boma la Rwamba, wengine wanalia njiani, na wakamkuta Wambura, nyanya mwenyewe, ameketi uani anapukuchua maharagwe.

"Wanasema umepotea Nairobi!"

"Mimi?" nyanya akauliza. "Nimeenda saa ngapi?"

Juu ya jumba, redio ya mkononi ya askari ikakoroma. Ilikuwa sauti ya mwenzake wa chini. Alikuwa amesimama na mtoto aliyeachwa uani na shule isiyo yake, na mtoto huyo alikuwa hatoi jina la maana.

"Hapa kuna msichana mdogo," sauti ikasema. "Namwuliza jina, anasema yeye ni cucu. Namwuliza mama yake nani, anasema Mami."

Askari wa juu alimtazama Rwamba, akaanza kucheka kabla hajajibu. "Mshike hapo hapo. Hapa kuna mama amempoteza cucu mwenye soksi."

Rwamba hakungoja kuambiwa. Hakumbuki lifti ya kushuka. Anakumbuka Cucu akiwa amesimama pale chini, hana hata chozi, na akamwuliza: "Mami, umeniona ukiwa huko juu?"

"Nilitaka kumchapa, nikataka kumbusu," anasema. "Niliketi tu chini nikamshika."

Likizo ya Agosti kanisa linakwenda tena, na Rwamba amekubali kuwa wa kwanza kuandikishwa. Mugendi anataka kuuona mlima tena. Akina mama wa kituo cha kununulia majani wameshamwachia watoto wao, na Wambura, mama mkwe, ametoa amri yake.

"Kama nimeshapotea huko, basi niende nikapaone."

Wanapongoja lori la chai, Rwamba huwasomea wenzake mambo ya kuepuka. Hucheka anapoyasema, lakini hapunguzi hata moja.

Usimpeleke mtoto mjini na jina la nyumbani tu. Ajue la shule, la baba na la kijiji.

Usimfundishe kwamba mama yake anaitwa Mami.

Usivalishe watoto rangi ya shule wanayovaa watoto wa kaunti nzima. Wafunge kitu kingine, hata kitambaa cha leso mkononi.

Usiangalie sweta. Angalia uso.

Usilinde mlango. Mlango una wenyewe.

Usipige simu nyumbani kabla hujamtafuta mtoto.

Usimwambie askari nusu ya maneno ukidhani ametoka kwenu.

Usishike mkono wa mtoto huku mwingine umeshika simu ya kupiga picha. Utaachia usichotaka kuachia.

Na usimwache mtoto nyumbani eti kwa sababu unaogopa. Ogopea huko huko juu, umemshika mkono.