Kurasa Sitini kwa Kila Mtoto

Binti yangu alinisikia nikimwita na akanyamaza. Alikuwa amechuchumaa ndani ya ngano, hatua kumi hivi kutoka niliposimama, na baadaye aliniambia kwamba aliona gambuti zangu zikipita. Nilimwita mpaka koo likakauka. Yeye alijiziba mdomo kwa mikono miwili ili kikohozi kisimtoke. Pampu yake ya pumu ilikuwa mfukoni mwangu, na mwisho wa shamba hilo kuna bwawa.

Nitaeleza kwa mpangilio, maana mpangilio ndio kazi yangu. Mimi ni karani katika shamba la maua huku Timau. Asubuhi naandika nani ameingia na saa ngapi, mchana naandika nani ametoka. Watu wananiita Karani hata kanisani. Tunaishi laini, yaani vyumba vya wafanyakazi vilivyopangwa mstari mmoja chini ya miti ya misaiprasi, na binti yangu alikuwa na miaka kumi. Ana jina la mama yangu, kwa hiyo nyumbani namwita mami, kama tunavyofanya kwetu Embu.

Vitabu vililetwa na dada yangu, ambaye ni mwalimu kule Kianjokoma. Cha kwanza kilikuwa cha kuchekesha. Kilisimulia juu ya watoto waliogundua mji juu ya mawingu, ambako kinyozi ni kobe na hakimu ni bata anayesahau kesi katikati. Watoto wa laini walikisoma kwa zamu mpaka jalada likatoka. Msimamizi wetu wa kupuliza dawa akapewa jina la bata yule, na hajui mpaka leo kwa nini watoto humwamkia huku wakiinamisha vichwa.

Katika kitabu cha pili bata aliugua. Katika cha tatu alikufa. Nilidhani wataacha kusoma. Badala yake walifanya mazishi nyuma ya vyoo, wakazika ndala moja, na mtoto wa jirani yangu akahubiri hadi wawili wakalia machozi ya kweli. Kuanzia hapo walikitaka kitabu cha nne kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Kadiri hadithi ilivyozidi kutisha ndivyo walivyozidi kuipenda, na hilo lilinishangaza kuliko hadithi yenyewe. Binti yangu, ambaye hawezi kwenda chooni peke yake jua likizama, ndiye aliyeuliza kila wiki kama kimefika.

Nilikipata sokoni Gakoromone, kwa mzee anayetandaza vitabu vya mitumba juu ya gunia kando ya wauza waru, yaani viazi. Nakala moja tu. Watoto waliokingojea walikuwa wanane, na siku ya kwanza walikipigania hadi kucha zikatumika. Basi nikaamua kutenda haki. Kitabu kilikuwa na kurasa mia nne na themanini. Nikazigawa kwa nane, sitini kwa kila mtoto, nikachukua kisu cha kukatia mashina ya waridi na kukikata juu ya meza ya jikoni. Kila kipande nikakibana kwa stepla na kukiwekea jalada la katoni lenye namba. Kipande kingetoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine kila Jumamosi, baada ya usafi.

Jirani yangu alisimama mlangoni akiwa na sufuria mkononi. "Karani," akasema, "hata mchinjaji hutafuta kiungo kabla ya kukata."

Nilicheka. Sikuwa nimesoma hata ukurasa mmoja.

Watoto waliweka sheria yao wenyewe: anayemwambia mwenzake mambo yaliyo mbele anapoteza zamu. Waliishika sheria hiyo kuliko wanavyoshika za shule. Binti yangu alikuwa na kipande cha nne. Cha tano kilikuwa kwa msichana wa mchinjaji, mwenye miaka kumi na miwili, anayekaa Timau mjini karibu na duka la nyama la baba yake. Kwa barabara ni mwendo wa nusu saa. Kuna njia ya mkato, njia ya trekta, inayokata shamba la ngano na kupita karibu na bwawa.

Bwawa hilo ni la kunyweshea maua. Limetandikwa plastiki nyeusi kutoka ukingoni hadi chini, na plastiki ikilowa huteleza kama sabuni. Kuna mwaka ndama aliingia humo. Alizunguka akiogelea huku wanaume wakitafuta kamba, na kila alipofika ukingoni miguu ilimrudisha ndani. Kamba ilipofika alikuwa amechoka. Tangu hapo kila mzazi wa laini anamwonyesha mtoto wake bwawa lile kwa kidole na kumwapisha.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, likizo ya mwezi wa nane. King'ora cha kumaliza zamu kililia saa tisa. Niliandika watu wakitoka, nikafunga daftari, nikafika nyumbani saa tisa na nusu. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani kiasi kwamba misaiprasi iliyo mbele ya mlango wangu sikuiona. Mlangoni kulikuwa na karatasi: "Mum, nimeenda kwa kina mchinjaji kuchukua kipande. Nitarudi saa tisa." Kwenye dirisha kulikuwa na pampu yake; nikaitia mfukoni.

Juu ya kitanda nilikuta kipande cha nne, kimefunguliwa ukurasa wa mwisho. Nilikisoma nikiwa nimesimama, kwa haraka, bila kuelewa mengi. Ukurasa ulihusu wingu lililozeeka na kushikwa na njaa, ambalo linameza watu na kubaki na sauti zao. Ulimalizika hivi, natafsiri kutoka Kiingereza: "Na ukitaka kuwa na hakika kwamba anayekuita ni mama yako kweli, mwulize". Hapo ndipo kisu changu kilipopita.

Nilidhani nimeelewa alichofuata, nikakimbia kwa barabara hadi kwa mchinjaji. Alikuwa akimpimia mtu matumbo.

"Binti yangu yuko hapa?"

"Hapana, mama. Hajafika."

Msichana wake alitoka nyuma ya pazia, akatikisa kichwa. Mchinjaji aliniangalia usoni, akaweka kisu chini, akamwambia mteja, "Nyama itangoja." Akafunga duka.

Tulikuwa watu kumi na wanne tulioingia shamba lile kwenye saa kumi na robo. Majina yote nimeyaandika. Tulijipanga mstari kwenye njia ya trekta, kila mtu akimwona aliye karibu naye kama kivuli, na tukaanza kuita. Ngano ilikuwa imefika kifuani, imelowa, na ukungu ulikuwa unameza sauti na kuirudisha kutoka upande mwingine. Niliita "Mami!" nikasikia "Mami!" mbele yangu, nikakimbilia huko. Ilikuwa sauti ya jirani yangu.

Nilifika bwawani kabla ya wengine. Nilitembea ukingoni nikiwa nimeinama, nikitafuta alama ya ndala kwenye plastiki. Maji yalikuwa meusi na hayakuwa na wimbi hata moja. Niliona kitu cha rangi ya waridi kikielea. Kilikuwa kifuniko cha ndoo. Nilikitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu nikikiacha ningelazimika kutazama kwingine.

Niliporudi njiani, mtu alinivuta koti. Ni yule msichana wa mchinjaji. Alikuwa ametufuata akiwa amejifunga leso juu ya sweta.

"Auntie, hatakuitikia."

"Unasema nini?"

"Ako kipande cha nne. Huko ukiitwa kwa ukungu, huitiki. Hata kama ni mum yako. Sisi wenye tumekisoma tunajua."

Jirani yangu alisimama. "Haki ya Mungu. Hawa watoto wametuletea nini?"

Nilihisi baridi ikiingia mahali ambapo ya ukungu haikuwa imefika. Kwa karibu saa nzima nilikuwa nikimtisha mtoto wangu kwa sauti yangu mwenyewe. Kila nilipoita kwa nguvu zaidi ndivyo alivyozidi kujificha.

"Na wanajuaje mama wa kweli?" nikamwuliza msichana.

Aliangalia chini. "Siwezi kusema. Yeye hajafika huko."

"We msichana!" jirani akafoka. "Sema kabla sijakuchapa!"

"Tuliapa," akasema, na machozi yakaanza kumtoka. Kisha akaingiza mkono ndani ya sweta na kutoa kipande cha tano chenye jalada la katoni na namba niliyoiandika kwa mkono wangu. "Soma wewe, auntie. Ukisoma, si mimi nimesema."

Mchinjaji akaniwashia tochi ya simu. Nilisoma mstari wa kwanza kimya, kisha nikasoma kwa sauti, kwa Kiingereza kama kilivyoandikwa, halafu kwa Kiswahili, nikiielekea ngano: "Mwulize jambo analoona aibu kulisema. Wingu lina sauti za watu wote, lakini halina aibu."

Niliwaambia wengine wanyamaze. Nikasoma tena. Nikaendelea mpaka mwisho wa ukurasa, nikikosea maneno ambayo kila siku siyakosei. Nilikuwa naanza ukurasa wa pili wakati sauti ndogo ilipouliza, si mbele yangu bali nyuma, karibu na mahali nilipokuwa nimepita mara tatu:

"Siku ya ndovu ulikuwa wapi?"

Nilijua anachouliza, na hakuna mwingine aliyejua. Mwaka uliotangulia ndovu alivunja ua wa umeme akaingia laini mchana, watu wote wakakimbia. Nilisema kwa wote, hata kwa dada yangu, kwamba nilimbeba binti yangu mgongoni. Nilikuwa nimelisema mara nyingi hadi nikaanza kuliona.

"Nilikuwa ndani," nikasema.

"Sema kwa sauti kubwa."

"Nilikuwa ndani! Nilikimbia nikafunga mlango."

"Na mimi?"

"Ulikuwa nje, mami. Ulibisha na sikufungua."

Watu kumi na watatu walisikia, na msichana wa mchinjaji pia. Sikuangalia uso wa yeyote. Ngano ilitikisika, kikohozi alichokuwa amekizuia kikatoka chote kwa mara moja, na akatokea, nywele zimelowa, midomo ina rangi ya majivu. Nilimpa pampu mara mbili, nikahesabu, nikampa tena. Kifua chake kilikuwa kinaimba. Jirani alivua leso yake akamfunika. Mchinjaji alimbeba, na njia nzima ya kurudi msichana wake alikuwa akiuliza kila mtu kama sasa amepoteza zamu.

Nyumbani nilimweka miguu katika beseni la maji moto. Pumzi ilimrudia polepole. Nilitaka kumwomba msamaha kwa siku ya ndovu, lakini yeye akanitangulia.

"Mum, yule wa kwanza alikuwa nani?"

"Wa kwanza nani?"

"Yule mwanaume aliniita kabla yenu."

Nilimwambia anieleze polepole, na nikachukua kalamu, kwa sababu nisipokuwa na kalamu mikono yangu haijui la kufanya. Alisema alikuwa katikati ya ngano, ukungu umeingia na njia imepotea. Mtu akaita kutoka upande wa bwawa. Alisema, "Mami, kuja huku. Mama yako ako hapa kwa maji." Akaita mara tatu. Mara ya tatu alikuwa karibu zaidi, na ngano ilikuwa ikivunjika chini ya miguu yake. Hapo ndipo binti yangu alipochuchumaa na kuziba mdomo, kama kitabu kilivyomfunza. Mtu yule alisimama kwa muda. Kisha akaondoka bila kuita tena. Baadaye kidogo ndipo king'ora kililia.

King'ora hulia saa tisa. Sisi tuliingia shambani saa kumi na robo.

Nimewauliza wote kumi na wanne, mmoja mmoja, nikijihesabu na mimi. Wanaume wa laini waliokuwa katika msako walikuwa kazini saa tisa. Niliandika kutoka kwao kwa mkono wangu. Mchinjaji alikuwa na wateja dukani tangu adhuhuri. Nilipeleka habari kwa walinzi wa shamba na kwa ofisi ya chifu, nao wakaandika. "Mami" si siri. Mtu yeyote huku anaweza kumwita mtoto wa kike hivyo, na mimi mwenyewe humwita kwa sauti kubwa kila jioni mlangoni.

Kitabu cha tano kimefika Gakoromone. Watoto wananiomba nikinunue, na wanasema kinatisha kuliko vyote. Wazazi wawili wameniambia nisithubutu. Sijui niwajibu nini, kwa sababu kitabu kile karibu kininyime mtoto, na huenda ndicho kilichomzuia asiende kwa maji. Katika daftari langu la siku ile, chini ya majina kumi na manne, nimeacha mstari mmoja wazi. Nimeandika saa, kabla ya tisa, na mahali, upande wa bwawa. Jina sina.